Binti Yangu Anasubiri Siku ya Arobaini na Moja

Midland, Texas
Jumanne, tarehe 6 Machi. Hii ni wiki ya tisa tangu niondoke nyumbani.

Bibi Lorraine, salamu nyingi kutoka kwenye vumbi. Mimi si mtu wa kalamu, shule niliiacha mapema nimsaidie baba na ng'ombe, kwa hiyo utanivumilia, ila wewe hujibu barua za wasomaji gazetini, nami nahitaji mtu wa kuniambia kama nimekosea au sijakosea, na awe mtu asiyekula meza moja na shemeji yangu.

Naitwa Vernon Sedlak. Ukame ulitumalizia ng'ombe, ndiyo maana niko huku naunganisha mabomba kwenye visima vya mafuta na kulala kwenye kibanda cha bati na wanaume watatu wanaokoroma. Mke wangu Rosalie yuko nyumbani na binti yetu wa pekee, Colleen, mwenye miaka ishirini na miwili, aliyezaliwa na hali ya Down. Mimba ilipokuwa ya miezi minne daktari alimwambia Rosalie kwamba jambo hili linaweza kumalizwa asubuhi moja tu na yeye awahi nyumbani kwa chakula cha mchana, na Rosalie akachukua koti lake akatoka bila kuaga. Leo Colleen anafunga bidhaa za wateja dukani kwa Pavlik, anajua nani hataki mayai yakae na sabuni, na Ijumaa zote za Kwaresima anagawa mikate ukumbini tunapouza samaki wa parokia.

Sasa sikiliza kilichotokea. Miaka minne iliyopita Todd Wessel alikuja kwenye hiyo Ijumaa ya samaki akiwa bado mgombea tu wa useneta wa jimbo. Unajua kwetu mwanasiasa akija anakaa, anakula na kulipa kama mtu mwingine yeyote, na kuvaa aproni ya parokia ugawe chakula ni heshima anayopewa yule tunayemwamini, na mwenye kuitoa hiyo aproni ni shemeji yangu Gene, kaka yake Rosalie, ambaye ni mkuu wa wanaume wa parokia na pia mwenyekiti wa chama chetu wilayani. Gene akampa. Wessel akaifunga kiunoni, akasimama kando ya Colleen, wakagawa mikate wakicheka kama watu waliosoma darasa moja, wakapigwa picha, halafu akashika maikrofoni.

Akasema, "Mkinichagua, mswada wa kuzuia watoto kama huyu wasiuawe tumboni kwa sababu tu ya walivyo utakuwa wa kwanza kutoka kwenye kamati nitakayopewa. Na utaitwa Mswada wa Colleen."

Ukumbi mzima ulisimama. Nililia mbele ya wanaume ambao hawakuniona nikilia hata ng'ombe walipoanguka mmoja mmoja. Baada ya hapo nilizunguka nyumba kwa nyumba na kipeperushi chake cha kampeni chenye picha ya binti yangu, theluji hadi magotini, nikiwaambia watu mpeni huyu kura, mimi namdhamini, na walimpa, wengine wakiniambia waziwazi kwamba wanampa kwa ajili yangu.

Alishinda, akapewa uenyekiti wa kamati, na mwaka wa kwanza akasema tungoje kidogo, wa pili akasema wanasheria wanautazama, wa tatu akasema si busara kuamsha kelele, na mwaka huu wa nne, watu wetu walipojaa mabasi mawili kwenda kumtazama usoni, aliwasikiliza kwa adabu zote kisha yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, akatoa hoja kwamba mswada uahirishwe hadi siku ya arobaini na moja. Wewe unajua, Bibi Lorraine, lakini kwa wasomaji wa mbali niseme: kikao cha bunge letu kina siku arobaini. Siku ya arobaini na moja haipo. Ndivyo wanavyouzika mswada bila mtu hata mmoja kuonekana ameukataa, ili wakija kwetu wakati wa kura waseme hawakuupinga.

Haya yangenitosha kuwa na hasira, lakini siyo yanayoninyima usingizi. Colleen mwenyewe alipiga simu ofisini kwa Wessel kuuliza mswada wake umefikia wapi, na msaidizi wa pale, kwa sauti tamu, akamwambia umepangiwa siku ya arobaini na moja. Binti yangu akaamini. Kwa nini asiamini? Ameshaomba ruhusa kwa Pavlik ya kwenda makao makuu siku hiyo, na Pavlik alimpa kwa sababu hakujua aseme nini. Gauni lake la bluu limepigwa pasi, na kila mteja anayepita anaambiwa, nao wanatazama viatu vyao. Kila nikipiga simu ananiuliza, "Baba, bado siku ngapi?" nami najifanya simu inakatika.

Sasa Ijumaa tarehe 23, samaki wa mwisho kabla ya Jumapili ya Matawi, Wessel anakuja tena. Anataka aproni, na anataka picha nyingine na Colleen ya kipeperushi kipya. Nimesema hapana. Gene akanipigia.

"Vern, shemeji, acha utoto," alisema. "Huyu ndiye tuliye naye. Tukimwangusha anaingia yule mama wa chama cha pili, na huyo atataka mimba zitolewe kwa kodi yako."

"Huyo mama angalau anafanya anachosema," nikamjibu.

"Picha moja tu. Colleen mwenyewe anaitaka, muulize."

Hapo alinipata, kwa sababu ni kweli anaitaka. Rosalie naye, ambaye anamchukia Wessel kuliko mimi, ananikataza nisimwambie mtoto ukweli. Anasema kuna watu wachache mno wanaokumbuka siku ya kuzaliwa ya Colleen, na Wessel humpigia kila mwaka, iwe kwa kura au kwa lolote, na mtoto hukaa wiki nzima akilisimulia hilo. "Wewe uko Texas," aliniambia. "Atakayemfuta machozi ni mimi."

Hapa kambini kuna mwenzangu, Hector, mtu wa Laredo, nilimsimulia tukiwa tunakula, akacheka hadi maharage yakamtoka. Akasema kwenye kisima chetu mtu akiambiwa akaze bomba halafu akasema atalikaza siku isiyokuwepo, atafukuzwa kabla hajavua glavu, na nyinyi mnataka kumwongezea mkataba? Nilikasirika, lakini nilimkasirikia nani?

Sitaki kutulizwa, Bibi Lorraine. Msimamo wangu ni uleule aliokuwa nao Rosalie alipochukua koti lake, na sihamii upande wa pili hata wanikate. Ila nimechoka kuwa kura ambayo hakuna anayehisi haja ya kuifanyia kazi. Niambie: naweza kumkataza binti yangu mtu mzima asipigwe picha? Nimwambie kwamba siku anayoisubiri haipo, au nimwache na furaha yake kama mama yake anavyotaka?

Mkataba wangu unaisha mwishoni mwa Aprili. Nikijaliwa, nitakuwa nyumbani Jumamosi ya kwanza ya Mei.

Vernon Sedlak


BIBI LORRAINE ANAJIBU

Vernon, barua yako niliisoma nimesimama, na nilipoimaliza, chai yangu ilikuwa imepoa. Hasira yako ni halali. Mtu aliyesimama kwenye ukumbi wa Kanisa, kwenye Kwaresima, akatoa ahadi akiwa amesimama kando ya binti yako, kisha akaenda kuizika kwa ujanja wa kalenda, hana la kukudai tena. Usiruhusu mtu yeyote akuambie eti hujui siasa. Unaijua vizuri kabisa. Umeambiwa uongo na umeutambua.

Sasa kaa chini, maana na wewe una lako.

Unalalamika kwamba Wessel amemfanya Colleen bango. Je, theluji hadi magotini, ulikuwa umebeba nini? Ulimuuliza kwanza, au ulifurahi tu? Na leo unaniuliza mimi, mwanamke asiyewahi kumwona, kama umkataze. Gene anamwamulia, Rosalie anamwamulia, wewe unamwamulia kwa simu inayokatika. Ana miaka ishirini na miwili, ana kazi, na ndiye peke yake katika habari hii aliyepiga simu ofisini kwa seneta na kuuliza swali la maana. Huwezi kumkataza. Ila hawezi kuamua kitu ambacho nyote mmemficha.

Rosalie, mama yangu, najua utasoma hapa. Umembeba mtoto huyu peke yako mara nyingi, na una haki ya kuogopa machozi yake. Lakini kila siku anamtangazia mteja mwingine. Utamlinda na Wessel kwa kumwacha achekwe kwenye kaunta ya Pavlik? Kuna mjinga fulani atamwambia, na atamwambia vibaya.

Gene namjua kwa jina, na naye hunisoma. Gene, aproni ile si ya chama chako. Ni ya parokia. Mwaka huu Wessel akija, akae, ale, alipe. Hii hoja ya kwamba yule mwingine ni mbaya zaidi nimeisikia tangu nikiwa na nywele nyeusi, na kila anayeitumia hutuhesabu kama ng'ombe ambao jioni watarudi zizini wenyewe, wapewe majani au wasipewe. Unasema hatuna mtu mwingine. Hatuna kwa sababu kila mtu anakungoja wewe umtafute. Muda wa kukusanya saini za kumwingiza mgombea mwingine kwenye kura ya mchujo ya chama haufungwi hadi tarehe 27. Parokia iliyojaza mabasi mawili haikosi mtu mmoja mwenye mdomo na gari. Na asipopatikana, Vernon, ile nafasi ya seneta kwenye karatasi ya kura iache wazi, ujaze nyingine zote. Watakuja kuuliza kwa nini, na hiyo ndiyo siku watakayoanza kukusikiliza.

Mweleze msimamizi wako kwamba una jambo la familia, uondoke huko mapema wiki ya samaki wa mwisho. Mei ni mbali mno. Simu usiitumie kwa jambo hili, kwa sababu tumeshaona unavyoitumia. Mkae watatu mezani, mchana, kabla ya Ijumaa, na usimrundikie maneno ya wanasheria. Mwambie hivi: "Colleen, bunge lina siku arobaini. Siku ya arobaini na moja haipo. Todd alijua haipo, na aliuweka mswada wako baada ya mwisho ili usipigiwe kura. Alikuahidi na hakutimiza. Mimi nilijua, nikakuficha, na hilo ni kosa langu. Ijumaa anakuja na anataka picha na wewe. Unaweza kukubali, unaweza kukataa, unaweza kumuuliza swali mbele ya watu, na lolote utakalochagua mimi na mama tutasimama pale mikateni pamoja nawe."

Kisha funga mdomo, Vernon. Akilia, mwache alie. Akiuliza, jibu. Na akisema anataka kwenda makao makuu kumuuliza mtu huyo ofisini kwake, mleteeni koti lake.