Samaki Aliyebaki

Ifrah mwanangu,

Chai iko kwenye thamosi. Samaki wako mmoja wa dhahabu yuko hai, kwenye beseni la kufulia. Usimrudishe katika ule mkebe wa jemu. Mwongezee maji ya pipa yaliyolala, yasiyotiwa shabu ya kusafishia.

~~Wenzake wawili wametoroka.~~ Hapana, nimewaua mimi. Wiki nzima ulinililia kwamba mkebe ni mdogo na maji yananuka, nikakujibu samaki si ngamia, hahitaji malisho. Leo asubuhi nikaona aibu, nikawahamishia kwenye chombo changu cha maziwa, nilichokifukiza moshi jana kikatakasika. Maziwa hupenda moshi. Wao uliwamaliza.

Marehemu baba yako ndiye aliyekuletea samaki hawa. Alikata roho hospitalini peke yake, mimi niko sokoni. Huyu bado anahema. Kaa naye.

Mama yako, Hooyo