Joto la Ruthu

Jumanne, 4 Machi 1913
Kutwa tumelinganisha vipimajoto vya stesheni ya hali ya hewa. Bwana Reimann kavizamisha vyote katika ndoo moja pamoja na kile kikuu — maji yale yale, na kila kimoja kinasema lake! Bwana anasema makosa yana milango mingi. Jicho likikaa juu ya mstari. Pumzi ya msomaji. Maji yasiyokorogwa. Na haraka, haraka kuliko yote. Nikamnong'oneza mwenzangu Zaidi, kumbe kioo nacho kina tabia zake. Akacheka mpaka Bwana akatugeukia.

Binti yetu Ruthu ana homa. Nimeazima kipimajoto cha homa kazini. Mama mkwe amekuja kutoka Mvumi kumwuguza, basi mimi ni wa nje. Alipo yeye siingii. Ndiyo heshima yetu.

Jumatano, 5 Machi
Mke wangu Priska kanitolea kipimajoto mlangoni. Thelathini na saba na nusu! Afueni. Nikamwambia dawa ya kwinini tuiache kwanza, chungu mno, mtoto anaitapika. Nimekwenda kazini napiga mluzi.

Alhamisi, 6 Machi
Arobaini na sehemu sita za kumi. Mungu wangu.

Nikauliza, jana mlikiweka kwapani muda gani? Priska akaingia, akarudi. Mama anasema kioo kilikuwa baridi, mtoto akalia, akamwonea huruma, akakitoa upesi.

Upesi! Ningekuwa ndani ningesema ngoja, mama, ngoja kidogo. Ukuta mmoja tu wa udongo! Kwinini amepewa sasa. Namsikia ananiita. Namjibu kwa nje, baba yupo, baba yupo hapa.

Ijumaa, 7 Machi
Ruthu hayupo. Alfajiri.

Siwezi kuandika.

Jumatatu, 10 Machi
Mama mkwe amenitumia neno kupitia kwa Priska, nimsamehe. Nikajibu hana kosa, bibi alimwonea mjukuu huruma. Nimesema hivyo. Moyo bado haujasema. Na ile kwinini nani aliizuia? Si mimi?

Kazini Zaidi akanipa pole, akanishika mkono muda mrefu. Bwana naye akanipa pole, kisha akauliza kipimajoto cha homa. Kesho kinaingia ndooni na vingine. Akasema nikikung'ute kwanza.

Nikakitoa mfukoni. Arobaini na sehemu sita. Ndivyo vilivyoundwa hivi vya homa, zebaki ikipanda haishuki mpaka uikung'ute. Mwanangu yuko udongoni, na joto lake limo humu! Hakijawahi kulinganishwa hiki. Pengine kinazidisha. Pengine hata hili silo joto lake hasa. Nataka kujua. Na ili nijue, lazima nilifute.

Nikamwambia Bwana, kesho.

Nyumbani nikamwonyesha Priska. Akauliza, ndiyo homa ya Ruthu hii? Nikasema ndiyo. Akakitia kwapani mwake, akakaa, akalia. Alipokitoa kilisema vile vile. Mwili wa asiye na homa haukishushi.

Jumanne, 11 Machi
Kumekucha. Priska kalala hapa barazani, nacho mkononi. Nimemwambia, mama Ruthu, ni mali ya serikali. Akasema, serikali ina vingapi?

Nikavaa koti la kazi.

Zaidi anabisha hodi. Anasema kwa upole Bwana amekwisha jaza ndoo, kimebaki chetu tu. Nimesema nakuja. Mama mkwe anakohoa chumbani. Nimemwambia Priska basi nipe, nitakikung'uta mimi mwenyewe, taratibu. Ananitazama. Mkono hajaufumbua.