Sauti Yako Kinywani Mwangu

Dada Rehema,

Bibi anajua. Naanza na hilo kwa sababu ungekuwa hapa ungeniambia niache kuzunguka. Alijua zamani kuliko tulivyodhani, na sasa nyumba nzima inajua kwamba anajua, na mimi nimebaki na sauti yako, sijui niiweke wapi.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana mengi hukuyaona.

Ulipofariki, Bibi alikuwa bado amelazwa kwa ajili ya sukari yake. Wewe ndiye uliyempakia nguo za hospitali, unakumbuka. Daktari alimwambia Baba kwamba moyo wa mama yake umechoka, asipewe habari nzito mpaka apate nguvu. Basi tukakuzika Kibuli, karibu na Babu, yeye akiwa kitandani anauliza wajukuu watakuja lini kumwona. Alipotolewa tulimpandisha zile ngazi zetu za mbao polepole, Baba mbele, mimi nyuma, huku muuza vitambaa wa chini akitupa pole kwa mkono tu, kwa sababu Baba alikuwa ameshamwomba asiseme neno. Bibi akakaa kitandani kwake. Akageuza uso huku na huku, kama anavyofanya tangu macho yake yazime, akauliza, "Rehema yuko wapi?"

Mama alitoka chumbani. Baba akaanza kukohoa. Kisha nikasikia mtu anasema, "Niko hapa, Bibi. Mbona umekonda hivi, walikuwa wanakulisha magazeti?"

Ilikuwa sauti yako, Dada, na ilitoka kwangu. Mimi ambaye darasani nikiulizwa kitu ninachokijua najibu chini mpaka mwalimu ainame. Bibi akacheka, akaomba uji. Baba akanishika bega, akaniangalia kama mtu anayeomba kitu huku anaona haya. Tangu jioni ile nikawa wewe.

Nilidhani itakuwa siku chache. Lakini Bibi alikuwa hali mpaka alishwe na Rehema. Hasinzii mpaka Rehema amsugue miguu. Nikirudi shule navua sare, navaa kanga yako ili hata harufu iwe sawa, naingia chumbani kwake, na Zuhura anabaki nje na vitabu vyake.

Wewe hiyo kazi ingekuwa mchezo. Uliweza kuwa mtu yeyote. Ulikuwa unakohoa kikohozi cha Babu pale mlangoni, miaka baada ya yeye kufa, na Bibi anajibu, "Karibu, mzee, viatu vyako vina matope," kisha anacheka na kulia kwa pamoja. Siku Mama alipoitwa shuleni kwenu kuambiwa urudie darasa tena, mkuu wa shule alisema kwa upole kabisa, na kwa heshima ya Kiganda, "Nyabo, huyu mtoto hana kichwa cha masomo." Tulirudi kwa miguu, Mama mbele, analia bila sauti. Tulipofika pale kwenye maduka ya vitambaa, nyuma yake ikasikika sauti ya mkuu wa shule, na kule kusafisha koo kwake: "Nyabo, hata hiki kitenge hakina kichwa." Mama alikaa kwenye ngazi ya duka la watu akacheka mpaka ushungi ukamtoka. Mimi nilikuwa nashika nafasi ya kwanza kila muhula, na sikuwahi kumchekesha Mama hata nusu ya siku ile.

Na mimi ulinifanya. Kidole katikati ya kitabu, macho hayapandi, "Ngoja, namalizia ukurasa." Nilikasirika kwa sababu ilikuwa mimi hasa.

Shuleni tuna mwalimu mpya wa Kiswahili, Mwalimu Bahati, ametoka Bukavu. Siku moja alichora duara nyingi ubaoni akasema, "Akili haina sura moja, wapendwa. Iko ya maneno. Iko ya hesabu. Iko ya mwili, iko ya muziki, iko ya kujua wenzako, iko ya kujijua mwenyewe. Mtu anaweza kufeli mtihani na akawa na akili ambayo mtihani haukuuliza." Ssali, yule anayekaa nyuma kabisa, akasema, "Mwalimu, ya kukula iko wapi? Mimi hiyo ndiyo niko nayo." Darasa likaanguka kwa kicheko. Mwalimu akamjibu, "Hiyo yako, ndugu, itahitaji ubao wake peke yake."

Akatupa insha: mtu mwenye akili ninayemfahamu. Wenzangu wakaanza kuandika juu ya mjomba daktari, shangazi wakili. Mimi niliandika jina lako, kalamu ikasimama. Nikaangalia zile duara moja moja. Kila moja ilikugusa kidogo, na hakuna hata moja iliyokuenea. Nilitaka kunyoosha mkono niulize kama iko duara ya mtu anayeweza kuingia ndani ya mtu mwingine na kutoka bila kuvunja kitu. Unanijua. Sikunyoosha.

Basi nikajifunza wewe kama ninavyojifunza kila kitu, kwa kukariri. Bafuni, maji yakiwa wazi, nilirudia maneno yako. Niligundua sentensi zako zinaanza juu na kuishia chini, na katikati kuna kile kicheko chako kifupi tulichokipenda wote. Nikafanya hivyo mara nyingi, mpaka siku moja kifua kikaanza kunibana. Ukiongea kama wewe, pumzi inaisha kabla ya maneno. Lazima upumue mahali ambapo mtu mwenye afya hapumui. Nikarudia tena kutafuta ni wapi, na ilikuwa pale pale kwenye kicheko. Kile kicheko kilikuwa pumzi. Ulikuwa unaificha humo.

Nilikaa chini kwenye sakafu ya bafu, maji yakimwagika. Mimi nilikuwa nimesoma habari zote za ugonjwa wako. Chembe za damu zilizopinda kama mundu, mishipa inayoziba, hewa isiyofika. Ningeulizwa kwenye mtihani wa bayolojia ningepata maksi zote. Na nililala nawe kitanda kimoja, nikacheka nawe ulipocheka, nisijue unaumwa kiasi hicho. Kilichoniambia ni kifua changu mwenyewe, na wewe umeshakwenda.

Tangu siku ile sauti haikungoja niiite. Nilikwenda dukani kuagiza mkate, ikaagiza yenyewe, na mwenye duka akainua kichwa haraka, kisha akaangalia pembeni. Mdogo wetu Hamza aliniomba kabla ya kulala, "Fanya Dada." Nikafanya. Akafumba macho anatabasamu, halafu akayafumbua akaona uso wangu, akalia mpaka Mama akaja kumchukua. Kesho yake Mama alinipa mgongo akiwa anamenya matoke, akasema, "Kwa Bibi, sawa. Humu jikoni usinisemeshe na sauti hiyo."

Nikaanza kuogopa kunyamaza. Nikinyamaza muda mrefu, sikuwa na hakika ni nani kati yetu atakayeanza kuongea. Nikiacha kuwa wewe, Bibi hali. Nikiendelea, Zuhura atakwenda kukaa wapi? Sikuwa na mtu wa kumwuliza. Mtu wa kumwuliza mambo kama hayo ulikuwa wewe.

Kisha ikafika arobaini yako. Baba aliamua hitma isomwe kwa Baba Mkubwa, kule Kibuli, ili Bibi asisikie. Ilibidi mtu mmoja abaki naye, na mtu huyo bila shaka alikuwa Rehema. Fikiria, Dada. Wote walikwenda kukuombea, na mimi nikaachwa nyumbani niwe wewe.

Nilimpelekea uji baada ya alasiri.

"Wamekwenda wapi wote?" akauliza.

"Harusini, Bibi," nikasema kwa sauti yako. "Wametuacha sisi wenye sura mbaya."

Bibi akanigeuzia uso. "Harusi gani hii, mama yako hajagombana na mtu juu ya pini za ushungi? Na wametoka bila kufukiza udi?"

Nikacheka kile kicheko chako. Bibi akasukuma bakuli pembeni.

"Uji uache. Nenda katie udhu, ulete msahafu, unisomee Yasini."

Wewe Yasini ulikuwa huisomi, uliifuata kwa sikio tu, nusu neno nyuma ya wengine. Nikasema, bado kwa sauti yako, "Bibi, mimi na kusoma tena, unanijua."

"Sikumwambia yule," akasema Bibi. "Nakwambia wewe, Zuhura. Yule alikuwa wa kusikia. Wewe ni wa kusoma. Msomee dada yako. Leo si arobaini yake?"

Dada, nilishindwa hata kulia. Nilimwuliza amejua lini. Akasema alijua siku ile ile. Baba alitoka makaburini akaenda moja kwa moja hospitali, akambusu mama yake mkono kama anavyombusu kila siku. "Mkono wake ulinuka karafuu maiti," akasema. "Nimezika mume na watoto wawili. Harufu ile mtu ataniambia mimi ni sabuni?" Baba alikuwa amefikiria kila kitu: muuza vitambaa, simu, majirani, hata redio. Hakufikiria kwamba mtoto aliyelelewa kubusu mkono wa mama yake angembusu tu, hata siku ile, na mikono ile ile iliyokushusha kaburini.

Nikamwuliza kama sauti yangu ilikuwa mbaya.

"Sauti umeipata," akasema. "Mpaka siku nyingine nilikuwa naona baridi. Lakini Rehema akija husimama kwanza hapo mlangoni. Hasemi. Ananisikiliza, nimeamka na hasira au nina maumivu au nimemwota babu yenu. Akishajua, ndipo anaingia, naye ni yule mtu ninayemtaka siku hiyo. Wewe unaingia umeshaanza kuongea."

"Kwa nini hukuniambia, Bibi?"

"Nilipouliza Rehema yuko wapi, nilitaka baba yako aseme mwenyewe. Ukajibu wewe, nikaona unamtafuta. Nikasema bora amtafute humu, na mimi nikiwepo."

Nikatia udhu, nikaleta msahafu, nikaanza kusoma. Nilisoma kwa sauti yangu, ile ya chini ambayo walimu wananilalamikia. Baada ya aya chache Bibi akasema, "Paza kidogo. Yuko mbali."

Sijawahi kusoma kwa sauti kubwa maishani mwangu. Nilipaza mpaka nadhani chini dukani walisikia. Na karibu na mwisho, nisikudanganye, nilisikia mtu ananifuata, nusu neno nyuma yangu. Sikuinua macho kuona kama midomo ya Bibi inacheza. Niliendelea tu, na yule mtu akaendelea nami, mpaka aya ya mwisho.

Waliporudi, Bibi alimwita Baba, akampapasa uso, akamwambia, "Mwanangu, umebeba peke yako muda wote huu. Kaa hapa." Baba akakaa sakafuni akaweka kichwa kwenye mapaja yake. Sikuwahi kumwona hivyo. Mama alifunga mlango, nasi watoto tukabaki ukumbini tukisikiliza. Siku hizi Bibi anakula kwa mkono wa yeyote, ila analalamika juu yetu sote. Anasema Baba anamlisha kama anayejaza gunia.

Lakini jana, Dada, Mama alisimama mlangoni pa jikoni nikiwa naosha vyombo. Yeye aliyenikataza. Akasema, "Mara moja tu, Zuhura. Niite kama alivyokuwa akiniita."

Sauti ilikuwa tayari kooni. Nilihisi uzito wake. Nikainyamazisha, nikamsikiliza Mama kwanza. Pumzi yake ilikuwa inatetemeka kama ya Hamza usiku ule kabla hajafumbua macho. Nikajua nikimwita atageuka, na atakayeniona ni mimi.

"Siwezi, Mama," nikasema. "Lakini naweza kukwambia nilichokikuta ndani yake."

Nikamwambia habari ya kicheko na pumzi. Niliongea kwa shida, na sahani mkononi. Mama alikaa kwenye kile kigoda kifupi.

"Nilijua," akasema. "Nilikuwa namsikia. Alinikataza nisikwambie wewe, kwa sababu ya mtihani wako."

Kwa hiyo ulinisikiliza na mimi. Ulisimama mahali fulani nikiwa nasoma, ukasikia ninachohitaji, ukaingia ukicheka. Nimekaa na neno hilo tangu jana na bado sijalimaliza.

Insha ya Mwalimu Bahati nimempa. Nimeandika juu ya Bibi na pua yake. Wewe sikukuandika, sikutaka usahihishwe kwa kalamu nyekundu.

Nakuahidi, Dada, sauti yako sitaitoa tena, hata Hamza akiomba, hata nyumba ikiwa kimya kupita kiasi. Nitamsimulia habari zako kwa sauti hii hii ya chini, na asiposikia atasogea. Nakuahidi pia kwamba kabla ya kufungua kinywa mbele ya mtu, nitasimama kwanza. Sitaweza kama wewe. Nitasimama tu.

Nenda salama, Dada yangu. Sauti yako nakurudishia. Ichukue huko uliko, na useme kila sentensi mpaka mwisho wake, bila kuhitaji kucheka katikati.

Mdogo wako,
Zuhura