Shati la Shingo Nyembamba

9 Februari

Mwanangu Kitinda,

U hali gani huko ughaibuni? Natumaini kazi ya ghalani haijakuvunja mgongo. Huku hatujambo, ila cherehani inalia kwa kukosa mafuta na mimi nalia kwa kukosa macho.

Miwani uliyompa jirani aniletee imefika. Nimeivaa, wenzangu wakasema nimekuwa hakimu. Ahsante, baba. Ila nikisimama sakafu inapanda kama kilima, kichwa kinagonga, na juzi nimeshona kucha yangu pamoja na pindo la suruali ya mteja. Nitazoea tu.

Mama yako


2 Machi

Shikamoo mama,

Pole na kidole. Usizoee chochote, ivue! Miwani niliiagiza kwa namba za kile cheti chako cha macho. Nimerudi dukani kuuliza, mwenye duka naye akaniuliza, "Nafasi kati ya mboni na mboni nani aliipima?" Nikamwambia hakuna. Kumbe namba inaweza kuwa sawa, lakini katikati ya lenzi pasipokaa mbele ya mboni, macho yanavutana siku nzima.

Nenda kwa fundi wa miwani, akupime wewe mwenyewe, uso kwa uso. Mimi mzima, nimepungua kidogo kwa ajili ya baridi. Nimekuwekea picha yangu humu, usinisahau.

Mwanao Kitinda


28 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimekwenda. Fundi ni binti mwenye mikono ya baridi. Aliniwekea rula juu ya pua, akasema, "Mama, tazama jicho langu hili. Sasa hili." Kisha akatia nukta za wino katikati ya lenzi zako, akanivalisha. Nukta zilikaa karibu na masikio! Akacheka, nami nikacheka.

Leo nimekwenda kuchukua lenzi mpya. Akakunja mikono ya fremu mpaka ikaacha kuteleza, akaniambia nisome kitu. Sikuwa na kitu ila picha yako mkobani.

Shati hilo nililikata mimi, Kitinda. Kola ilikukaa sawasawa, leo ngumi inapita. Shingo imekonda, uso umevimba. Hicho ulichokalia si kiti, ni kitanda cha magurudumu, na mkononi una utepe wenye maandishi.

Binti akauliza, "Unaona vizuri, mama?"

"Kupita kiasi," nikamjibu.

Usiniandikie tena habari za baridi. Una nini?

Mama yako


19 Aprili

Shikamoo mama,

Nimeandika barua hii nikachana, nikaandika tena. Ni figo, zote mbili. Wananiunganisha na mashine, damu inatoka, inasafishwa, inarudi. Ghalani waliniachisha zamani. Sikutaka ukae na cherehani huku unalia, nawe ni mtu wa kulia mpaka uzi ulowe.

Usihangaike kuja, kibali hakitatoka kwa wakati. Daktari hanifichi kitu, na mimi sikufichi tena.

Nina ombi. Humu nimeweka uzi. Nesi alinizungushia shingoni, akaukata pale ulipokutana. Nishonee shati linalonienea. Nimechoka na gauni lao lililo wazi mgongoni, hata kuku ananizidi heshima. Tuma kwa anwani ya wodi.

Mwanao


11 Mei

Kitinda wangu,

Marahaba, marahaba. Uzi nimeupima mara nyingi, nikidhani nimekosea. Hiyo ni shingo ya mtoto.

Shati liko tayari, ndilo hili. Kitambaa chepesi, vifungo mbele mpaka chini ili mashine yao isikusumbue, na mkono mmoja unafunguka. Kibali nilikwenda kuomba hata hivyo. Wamesema nisubiri, basi nasubiri.

Niandikie hata mstari mmoja. Ukishindwa, mwambie nesi akuandikie.

Mama yako


30 Juni

Mwanangu,

Posta wamenirudishia kifurushi. Karani alitazama maandishi ya juu, akaniuliza kama nina mtu wa kunisomea. Nikamwambia nipe. Yalikuwa madogo, nikayaona yote, hata tarehe. Siku ile mimi nilikuwa nashona sare za shule na kuimba.

Najua hii huisomi. Lakini nimezoea kukusimulia, na huku kila anayekuja ananiambia nijikaze. Shati sijalifungua.

Yule nesi nimemwandikia pia. Sikumuuliza ulikufaje, hilo najua. Nimemuuliza walikuvika nini.

Mama yako