Fureni ya Kinga Yako Inashika

Yaya Zakari, kaka yangu,

Salamu huko Ndola, lakini soma haraka: fureni, breki ya kinga yako, ile baiskeli ya kurse, ya mashindano, inashika! Nilipoishusha toka pa kamba yake, mukono wa fureni ulikuwa teketeke kama bukari, ugali wa maji mingi. Nikaongeza mafuta ya fureni kwa sindano ya farmasi. Wapi, haikushika! Nikaitukana.

Kisha nikakumbuka: tangu ulipogombana na mama juu ya makurse ukaenda Ndola, aliitundika mu depo ya vitu kichwa chini, muntu asiiguse. Upepo wa mu mukono ndiyo ulipanda mu tiyo, bomba ya mafuta! Nikaisimamisha magurudumu chini, nikafungua kifuniko cha mafuta pa mukono, nikaufinya polepole nikigongagonga tiyo. Vipovu vikapanda, kimoja, kingine, kingine, mpaka vikaisha. Nikafinya tena: ngumu kama jiwe! Nikapiga kigelegele, lupango muzima, nyumba zote za uwanja wetu, ukasikia.

Mama akatoka. Unajua, tangu uende hakutajaka tena jina lako. Akafinya naye. Nikachukua kamba niitundike tena.

“Acha,” akasema. “Iweke pa mulango. Zakari akifika, ataitafuta wapi?”

Ni mimi, mudogo wako mwenye mikono ya mafuta,
Feza, Katuba