Bahasha ya Arobaini na Moja

Jumatatu, 4 Machi

Nimefanya jambo. Naandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia.

Mdogo wangu kaja kliniki leo kujiandikisha kwenye utafiti wetu wa tiba ya pombe. Anatetemeka hadi kalamu ikamshinda. Sisi mama mmoja, baba mbalimbali, majina hayafanani. Hakuna aliyejua ni ndugu yangu. Nami nikanyamaza.

Kazi yangu ni bahasha. Zimefungwa, zina namba, zinafunguliwa kwa zamu ya kufika. Ndani kuna neno moja tu. Kulazwa: wiki nne wodini. Au Ushauri: mazungumzo mara moja kwa wiki, halafu unarudi nyumbani. Mtu hachagui — wala mimi sichagui. Ndiyo maana ya utafiti.

Nikainua ya 41 dirishani, kwenye jua. Ushauri. Ya 42 — Kulazwa! Mdogo wangu ndiye aliyefika kwanza. Nyuma yake fundi cherehani mmoja, mtu mzima, futi ya kupimia bado iko shingoni.

Nikasema, "Fundi, pita wewe kwanza."

Akanishukuru! Eti nibarikiwe, siku hizi vijana hawaheshimu wakubwa.

Jumanne, 5 Machi

Usingizi sikuupata. Mama kapiga simu analia kwa furaha, mwanawe kapata kitanda. Anasema Mungu hamtupi mja wake. Laiti angejua!

Jumatano, 13 Machi

Fundi kaja ushaurini. Kanyoa ndevu, shati limepigwa pasi. Ila hiyo mikono! Kaniuliza taratibu, kikipatikana kitanda tumfikirie. Nikamjibu utaratibu ni utaratibu. Ulimi wangu huu, na uoze!

Jumatano, 20 Machi

Fundi hakuja. Nimempigia mara sita. Hapatikani.

Mdogo wangu mashavu yamejaa, anawatania wauguzi. Nimefurahi. Kisha nikaogopa ile furaha.

Alhamisi, 21 Machi

Kaja daktari anayeongoza utafiti. Kisirisiri tunamwita Mama Takwimu, maana hata vijiko vya sukari anahesabu. Anakagua fomu zote, na kachukua daftari la mlinzi wa getini. Mlinzi yule! Anaandika saa ya kila anayeingia, akiweza hata ya paka.

Nikifukuzwa, basi, nitauza hata karanga. Lakini wakimtoa mdogo wangu wodini? Safari hii hatainuka, namjua.

Wakati wa chai nilitaka kukiri. Nikaishia kuongea habari za mvua. Mwoga mkubwa mimi!

Ijumaa, 22 Machi

Niko ndani ya gari, nje ya nyumba ya fundi. Mama Takwimu kasema twende wenyewe, mgonjwa akipotea hivihivi matokeo yanaharibika.

Mke wa fundi ndiye aliyefungua. Cherehani imefunikwa shuka. Mumewe katoka Jumapili asubuhi, hajarudi mpaka leo. Wamezunguka baa zote, wamekwenda hospitali. Hayupo.

Kisha akaitazama beji yangu. "Kumbe ni wewe! Alikusifu huyo! Kasema kulikuwa na kijana mbele yake, wewe ukamtanguliza yeye."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Sikuweza kuutoa. Ee Mungu, alikuwa ananishukuru na yeye!

Mama Takwimu alifunika kalamu yake. Nikasingizia simu, nikakimbilia garini. Daftari la mlinzi liko hapa kwenye dashibodi, Mama Takwimu kaweka karatasi penye tarehe nne. Sijaligusa.

Katoka sasa hivi. Hakuingia garini. Kasimama kwenye dirisha langu, sauti ya chini kabisa: "Yule kijana ni nani kwako?"

Nimemwambia, subiri kidogo daktari, namalizia kuandika anwani.

Anasubiri.