Sauti Yako Ilipopotea Ndani ya Simu

Yaya wangu Riziki, dada yangu mkubwa,

Mgongo wako unaendeleaje? Na Mama, bado anakataa dawa ya presha akisema ni chungu? Minye niko, Mungu ananishikilia. Huku Liège mvua inadondoka taratibu kutwa nzima, si kama ya kwetu Kilibula inayoteremka mulimani, inafanya fujo yake, inakwisha. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu rezo ya simu huko Uvira imekatika na kuna mama wa kanisa letu anayesafiri kwenda Bujumbura. Ameahidi kutafuta mtu wa kuivusha barua mpaka kwako.

Jambo lililonipata kazini linakuhusu weye.

Unakumbuka ulivyojifungia chumbani, ukasoma kwenye telefone yale maneno ya kuwaonya wamama wajawazito, jogoo wa jirani akawika ukaanza kucheka? Sauti ile ndiyo iko ndani ya aplikasyo yetu, programu ya simu tunayoitengeneza hapa kazini, kwa ajili ya wamama wa Lubarika na bonde lote la Ruzizi wasiojua kusoma. Kazi yangu ni kuijaribu kwenye simu zenyewe, zile za bei ndogo zinazouzwa kwetu. Kila asubuhi nabonyeza, weye unasema. Sijawahi kukuambia kwamba hicho ndicho Kiswahili pekee ninachosikia mpaka jioni.

Basi wakubwa wakabadilisha chombo cha kuunda aplikasyo. Wanaoandika programu wanaandika vipande vipande, maandishi huku, picha kule, sauti pengine; chombo hicho kinavikusanya na kuvifunga kuwa mzigo mmoja unaoingia kwenye simu. Cha zamani kilikuwa kizito, tulikingoja mpaka chai inapoa. Kipya ni mbio kama upepo. Watu walishangilia. Shefu wetu, Bwana Luc, akasema hata simu zangu hazihitajiki tena, tutajaribu kwenye simu ya kuigiza, picha tu ndani ya ordinatere, kompyuta ya mezani.

Huko kila kitu kilienda vizuri, ukasema mpaka mwisho. Lakini roho haikutulia. Nikachukua simu moja, nikaingiza aplikasyo mpya, nikabonyeza. Kimya. Nikachukua nyingine. Kimya. Yaya, nilijua ni kosa la mashine, ila nilishtuka kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Nikatoka nje nikakupigia. Haikuita, na mpaka leo sijakupata.

Nikarudi kwa Bwana Luc. "Haiwezi kutoka hivi. Mama atabonyeza, hatasikia kitu, atafikiri hakuna hatari."

"Kwenye ordinatere inasema, Faida. Na tumeahidi kuituma wiki hii."

"Mama wa Lubarika hana ordinatere."

Akapangusa miwani yake. "Ni kweli. Itangoja."

Agnieszka, Mpolandi anayeshughulikia chombo kile, akaleta kiti mezani kwangu. Tumekaa chumba kimoja tangu nifike, na hatujawahi kuvuka bonjour. Tukatafuta pamoja mpaka akaona: chombo kipya kinafunga tu kilichotajwa, na sauti hakuna aliyezitaja. Simu ya kuigiza ilikuwa inazichota moja kwa moja ndani ya ordinatere, ndiyo maana ikatudanganya. Akaandika mstari mmoja, tukaunda upya, nikabonyeza.

"Mama, kama uko na mimba na damu inatoka, usibakie peke yako mu nyumba. Ita muntu akusindikize ku sante, ku hospitali."

"Anasema nini?" Agnieszka akauliza.

Nikamtafsiria. Kwenye "usibakie peke yako" nikalia mbele ya mgeni. Kisha akasema, "Hata kwangu Jumapili ni ndefu. Njoo tupike."

Nilienda. Yeye kabichi, minye sombe ya kopo, majani yetu ya muhogo. Tulikula, Kifaransa chake na changu vyote vikichechemea. Niliporudi, nyumba ilikuwa kimya kama kawaida, sitakudanganya.

Nisalimie Mama, na shemeji mwalimu, na shangazi wa Songo anayekaanga ndagala. Mubusu mutoto wako wa mwisho ambaye sijamuona.

Aplikasyo imetoka na sauti yako iko ndani. Inasema na minye kila siku, yaya, lakini nikiijibu hainisikii. Rezo ikirudi nipigie, hata kama huna la kusema.

Mudogo wako anayekuwaza,
Faida